Maelezo ya Mtu Aliyekesha Siku Tano

Walimleta amefungwa kwa kamba ya turubai. Pingu walikuwa nazo, machela ilikuwepo pale mlangoni, lakini wao walitumia kamba ile ile ya kufungia mizigo, imezungushwa mwilini mara saba tangu mabegani hadi magotini, na fundo lake limekazwa na mtu aliyezoea kukaza magunia ya kahawa. Askari wanne walimbeba kama gogo, wakamtupa kwenye kitanda cha tatu cha chumba cha dharura. Mmoja wao akajifuta jasho na kumwambia muuguzi, "Musawo, huyu mutu tumeleta. Sasa iko kazi yako."

Muuguzi Musoki alitazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro dakika kumi, Jumanne. Daktari mmoja alikuwa chumba cha upasuaji na mama aliyeshindwa kujifungua. Daktari wa pili alikuwa semina. Huyo wa pili alikuwa semina siku zote. Kama semina zingeponya watu, Kasese nzima isingekuwa na mgonjwa hata wa mafua.

"Ana nini?" aliuliza.

"Iko na wazimu."

"Ulianza lini?"

"Sisi tumekuta naye hivyo barabarani."

Walimkuta karibu na njia panda ya kwenda Hamukungu. Lori lilikuwa katikati ya lami, injini inanguruma, na mwenyewe yuko juu ya mzigo, kifua wazi, anayapigia kelele majani ya mbuga kwamba yana watu ndani. Gari zilikuwa zimejipanga nyuma yake hadi hazihesabiki. Askari wa kizuizi cha barabarani walipanda, wakamshusha, wakamfunga kwa kamba yake mwenyewe. Mwili wake ulipokuwa wa moto kama jiko ndipo mmoja mwenye akili kidogo akasema apelekwe hospitali kwanza, mambo mengine baadaye.

Leseni yake ilisema anaitwa Abdunoor, ana miaka thelathini na miwili. Musoki alimkagua huku akikata kamba kwa mkasi wa bandeji. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka hadi rangi ya jicho haionekani. Taya zilisagana, unasikia meno. Mikono yote miwili ilikuwa imechimbwa kwa kucha, damu mbichi juu ya damu kavu, na kila mkono mmoja ulipofunguliwa ulikimbilia mwenzake kuendelea kuchimba.

"Ona, wadudu beko chini ya ngozi," Abdunoor alimnong'oneza, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo. "Walitiwa na wale wa juu."

Mapigo ya moyo, mia moja hamsini na mawili. Joto, digrii arobaini kasoro kidogo. Midomo imepasuka. Musoki hakuhitaji kuambiwa. Kwa miaka miwili sasa alikuwa anawapokea: madereva, walinzi wa maghala, wanafunzi wa kidato cha juu, shemasi mmoja, mtoto wa inspekta kutoka kambi ya polisi. Aisi. Vipande vyeupe vinavyong'aa kama chumvi ya Katwe iliyooshwa, vinachomwa ndani ya balbu iliyotobolewa, mtu anavuta moshi na halali siku tatu, nne, tano. Siku ya tano halali kwa sababu wanakuja kumuua.

Lakini rasmi, wilayani Kasese hakuna aisi. Mkubwa mmoja alikwisha kulisema hilo ukumbini hotelini, mbele ya soda na sambusa, na wote waliokula sambusa zake wakaandika. Aisi iko Kampala. Hapa kuna malaria iliyopanda kichwani, kuna pombe, na kuna ushirikina. Daftari la chumba cha dharura lilikuja na nafasi za mambo hayo matatu, na wagonjwa wa jambo la nne Musoki aliwaandika pembeni mwa ukurasa, wima, kama mwanafunzi anayeandika jibu mkononi.

Alipima malaria kwa sababu ilibidi apime. Hakuna malaria. Sukari, sawa. Alichomeka mpira wa dripu kwenye mshipa, akafungulia maji, akaweka vitambaa vilivyolowa makwapani na kwenye kinena, kisha akafungua kabati kutoa dayazepamu, dawa ya kutuliza.

Hapo ndipo simu ilipolia mfukoni mwa suruali ya mgonjwa. Askari aliyekuwa karibu akaichomoa, akaisoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu kinachomshinda.

"Elise Fundi."

Abdunoor aliruka kitandani. "Elise! Elise iko nao! Elise ndiye anawafungulia mulango!"

Mkono wa Musoki ulibaki kabatini.

"Elise gani?" sauti iliuliza kutoka mlangoni.

Aliyeuliza alikuwa Mugume. Hakuvaa sare. Alivaa shati jeupe lililochomekwa na viatu vyenye ncha, na kazi yake ilikuwa siri iliyojulikana hata na mbuzi wa soko la Kasese. Alikuwa mtu wa usalama. Nyuma yake alisimama konstebo mwanamke, Acan, mtu wa kaskazini, aliyekuwa ametumwa kumlinda mgonjwa asitoroke. Mugume alivuta kiti cha ndugu za wagonjwa, akaketi, akatoa daftari dogo.

"Nimeuliza, Elise gani?"

"Elise wa gereji!" alipiga kelele Abdunoor. "Bwera! Nyuma ya soko!"

Musoki alimjua Elise huyo wa gereji nyuma ya soko la Bwera. Alikuwa ndugu yake wa kiume, walinyonya titi moja.

Inafaa ielezwe, maana wako watu wanaopenda kusahau. Katika ule mwaka ambao Kasese mtu akisema "mwaka ule" haulizwi ni upi, watu wenye mashati mazuri walikaa baa moja kule Karambi na mlevi mmoja, wakamnunulia waragi, wakamwomba majina ya waasi. Mlevi alitaja majina hadi chupa ilipoisha. Elise alikuwa wa kumi na tisa. Kosa lake, ukitafuta sana, ni kwamba wiki ile alimwazima mlevi yule pampu ya baiskeli. Alichukuliwa alfajiri akiwa na kandambili mguu mmoja. Akakaa ndani miaka mitatu na miezi saba, hakuulizwa swali hata moja, hakuona hakimu hata mmoja, na mama yao akafa yeye akingali huko. Kisha Alhamisi moja alitolewa getini bila karatasi, kama paka anavyotolewa nje. Musoki alikwenda ofisi baada ya ofisi akiomba aione ile orodha, aone tu ndugu yake aliandikiwa nini. Kila ofisi ilimpa kiti, na ya mwisho ikamwambia orodha imepotea.

Aliyeandika ile ya kwanza si Mugume. Alikuwa mwingine wa namna hiyo hiyo. Hawa hubadilishwa kama betri za tochi.

Musoki alivuta dawa ndani ya bomba la sindano. Akageukia kitanda.

"Wewe, ngoja," Mugume alisema. "Usimudunge. Anaongea."

"Anaongea kwa sababu ubongo wake unaungua, afande."

"Hiyo sindano itamunyamazisha."

"Hiyo sindano itamwacha hai. Moyo unakwenda mia moja na hamsini. Akipata kifafa hapa, hutapata maneno wala mtu."

"Dakika kumi," Mugume alisema bila kuinua macho. "Hii ni usalama wa nchi. Simama kando. Askari, simameni karibu na huyu mama."

Askari wawili wakasogea. Vijana wa kwao mbali, hawakuonekana kuifurahia kazi yenyewe, lakini walisogea. Musoki alibaki na bomba lake mkononi, umri wake miaka arobaini na minne, ishirini kati yake akiwa amevaa gauni jeupe, anapangiwa na mtu wa viatu vya ncha ni dakika ngapi mgonjwa aungue.

Mke wa mgonjwa aliingia wakati huo, Raihana, kiatu cha kulia chekundu na cha kushoto cheusi, kwa jinsi alivyotoka nyumbani. Alipiga magoti kando ya kitanda akashika miguu ya mumewe.

"Musawo, huyu hajalala tangu Alhamisi. Tajiri yake amesema mzigo usikae Bwera, mzigo usikae Kasese, mzigo usikae popote. Nikamwambia Baba Halimah, lala hata saa moja. Akaniambia akilala watamkata pumzi."

"Anavuta nini, mama?" Musoki aliuliza, makusudi, kwa sauti ya kusikika.

"Ile ya tajiri. Anawagawia madereva wote, ndani ya karatasi ya peremende. Anaiita dawa ya barabara." Na Raihana akamtaja tajiri huyo kwa jina lake kamili, jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye mlango wa lori lililoachwa barabarani.

Musoki akatazama daftari. Kalamu ya Mugume ilikuwa imelala.

"Afande, hilo huandiki?"

"Hayo ni mambo ya nyumbani," Mugume alisema. Kisha, kwa Abdunoor, kwa upole wa mtu anayekamua ng'ombe: "Endelea, ndugu yangu. Elise na nani?"

Ndivyo walivyo. Mtu mwenye akili timamu, mwenye machozi, anataja jina la muuza sumu na mahali anapoigawia, wao wanasikia upepo. Mgonjwa anayeona wadudu chini ya ngozi anataja fundi wa magari, wao wanachonga kalamu.

Abdunoor aliendelea. Majina yalimtoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Alimtaja mama wa chai wa Mpondwe. Alimtaja mwadhini wa msikiti wake. Akamtaja Desire, mpima kahawa, akasema Desire ana redio ndani ya jino. Mugume aliandika: Desire, redio. Ya jino hakuiandika. Musoki aliliona hilo, akalishika.

Kitu kingine alikishika baadaye kidogo. Askari mmoja alimwita mwenzake aliyekuwa mlangoni, "Acan, lete maji ya kunywa." Haikupita dakika, Abdunoor akapaza sauti, "Acan! Acan iko nao pale juu! Acan ndiye ameshika taa!" Konstebo Acan alisimama na kikombe cha plastiki mkononi, mdomo wazi.

Mugume hakuandika hilo.

Musoki alianza kukumbuka nyuma. Elise alitajwa baada ya simu kusomwa. Kabla ya hapo hakuwepo. Huyu mtu alikuwa anaokota kila jina lililoanguka chumbani na kulitia kwenye jeshi lake. Ungemtajia paka, paka angepewa bunduki.

Simu ya Mugume ikalia. Alisimama wima kabla hata ya kujibu.

"Ndiyo, afande Muhwezi. Niko hapa, afande Muhwezi. Majina yanakuja vizuri sana, afande. Kuna makanika wa Bwera, huyo ametajwa mara nne. Vijana wanaweza kwenda kumuchukua hata sasa... Sawa, afande. Namalizia ukurasa, natuma."

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Ukurasa ukiisha, gari linaondoka kwenda Bwera. Alitazama kipimajoto: arobaini nukta nne. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa Abdunoor kilikuwa kimeanza kurukaruka peke yake. Dakika kumi zilikuwa zimekuwa ishirini na mbili.

Akavuta pumzi, akasema kwa heshima yote, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani:

"Afande Mugume. Naomba ruhusa, afande Mugume."

"Nini?"

"Wewe unachukua maelezo, afande Mugume. Mimi sijui sheria, nimesoma sindano tu. Lakini Acan hapa ni polisi. Acan, maelezo ya mtu yakimalizika kuandikwa, kwenu mnafanyaje?"

Acan alimtazama Mugume, akautazama mkono wa mgonjwa uliokuwa unatetemeka, akaweka kikombe chini. Alikuwa mwanamke mrefu asiye na haraka, na jina lake lilikuwa limekwisha kuwekwa pale juu na kushikishwa taa.

"Anasomewa, musawo. Neno kwa neno. Anasema ni kweli au si kweli, anaongeza kama iko na kuongeza, anaweka kidole, na shahidi anasaini. Bila hiyo ni karatasi ya kufungia karanga."

"Hii si mambo ya polisi," Mugume alisema.

"Basi mimi natoka, afande. Na nikiulizwa mahali, nitasema sikuona maelezo, niliona mutu anaumwa."

Askari wale wawili walitazamana. Mmoja alikohoa kitu kilichofanana na kicheko. Mugume hakupenda kicheko. Watu wa kazi yake hukiogopa kuliko bunduki. Akafungua daftari ukurasa wa kwanza na kuanza kusoma harakaharaka.

"Umesema Elise wa gereji Bwera ni mumoja wao. Kweli?"

"Kweli!" alisema Abdunoor.

"Umesema Desire iko na redio."

"Ndani ya jino!"

"Andika jino, afande Mugume," Musoki alisema. "Ameongeza."

Mugume aliandika jino. Kalamu ilikwaruza.

"Umesema mwadhini—"

"Na Mugume!" Abdunoor aliinuka, mishipa ya shingo imesimama, macho yamemganda mtu wa shati jeupe. "Afande Mugume! Iko nao! Nimemuona! Ndiye alikuja na viatu mirefu kama nyoka! Mugume ndiye anaandika majina ya kuzika! Na Muhwezi! Muhwezi ndiye mukubwa yao, anaongea nao kwa simu! Muhwezi anawalisha!"

Kwenye kitanda cha tano, mzee wa Bugoye aliyevunjika nyonga alisema polepole kwa lugha ya Lhukonzo kwamba sasa ndiyo maneno yananoga.

"Andika, afande," alisema Acan. Sura yake haikuonyesha chochote. "Mugume. Halafu Muhwezi. Mimi nitasaini shahidi."

Kalamu ilisimama hewani. Mugume aliitazama kama mtu anayeshangaa nani kampa. Alikuwa ametumia dakika ishirini na sita akijenga jela ya wenzake, na sasa mlango umefungwa naye yumo ndani.

Musoki hakumsubiri. Alipita katikati ya wale askari wawili, nao wakampisha kama watu waliokuwa wakingoja kupisha, akashika mpira wa dripu na kuisukuma dawa taratibu, akihesabu moyoni, jicho kwenye kifua cha mgonjwa. Mkono wa kushoto wa Abdunoor ulikuwa umeshaanza kujikunja na mguu kufuata. Alisukuma nusu, akangoja. Akasukuma iliyobaki. Taya ilisaga mara mbili, ikaachia. Kidole kidogo kiliruka, kikaruka tena, kikatulia.

"Raihana, shika kitambaa hiki. Kikipata joto, kilowe tena. Usimwite jina la mtu yeyote."

"Ndiyo, musawo."

Kisha Musoki alikwenda mezani, akachukua faili la mgonjwa, akaandika akiwa amesimama. Hospitali ina desturi moja nzuri, labda imebaki hiyo tu: mtu aliyechanganyikiwa, maneno yake huandikwa kama yalivyotoka, bila kupambwa, maana ndimo daktari anamouona ugonjwa. Aliandika yote. Wadudu, jino la Desire, taa ya Acan, Elise, Mugume, viatu kama nyoka, Muhwezi anayewalisha. Akaandika kila jina lilitanguliwa na nini: simu ilisomwa, askari aliita, afande alimtaja mkubwa wake kwenye simu. Akaandika saa ya mgonjwa kufika na saa ya sindano, na katikati: sindano imecheleweshwa dakika ishirini na sita kwa amri ya Bwana Mugume wa usalama, mgonjwa akaanza dalili za kifafa. Akaandika pia alichosema mke juu ya karatasi za peremende, na jina la tajiri, lote.

Alipoinua kichwa, Mugume alikuwa mbele yake, anasoma kichwa chini miguu juu.

"Hiyo karatasi toa."

"Kurasa zina namba, afande. Nikitoa moja naulizwa."

"Huwezi kuandika jina la afande Muhwezi katika mambo ya mwendawazimu."

"Kumbe ni mwendawazimu?"

Mugume akafunika daftari lake kwa kiganja.

"Mimi sina elimu kubwa," Musoki alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, imekauka. "Nakuuliza kitu kimoja. Kilichotoka mdomoni mwa huyu ni ushahidi, au ni ugonjwa? Kama ni ushahidi, wewe na bosi wako mko ndani, Acan atasaini, na daftari lako na faili langu vyote viende mbele. Kama ni ugonjwa, faili linakaa kabatini na wagonjwa wengine, na hicho ulichoandika hakina kazi. Chagua. Lakini huwezi kuchukua ugonjwa wa Elise ukaniachia ugonjwa wako."

Alikuwa amelitaja jina la ndugu yake kwa mara ya kwanza, na Mugume, kwa bahati, alikuwa na shida zake mwenyewe hata asione.

"Ugonjwa," alisema mwishowe.

"Sijasikia, afande."

"Ni ugonjwa! Mutu anaumwa, nani hajui anaumwa?" Akapasua kurasa tatu, akazipasua tena vipande vidogo, akavitumbukiza katika ndoo ya pamba chafu. Akapiga simu akielekea mlangoni. "Afande, hapana, usitume gari. Iko na malaria. Imepanda kichwa... Ndiyo, malaria kali sana, afande."

Malaria. Hata akishindwa, hakukosa mahali pa kutulia.

Abdunoor alilala hadi saa kumi jioni na kuendelea. Joto lilishuka, mapigo yakarudi kwenye namba za binadamu. Daktari alitoka upasuaji, akasoma faili, akasoma tena, akamtazama Musoki juu ya miwani na kusema tu, "Umeandika vizuri." Kisha akaomba faili lifungiwe kabatini. Wa semina hakurudi siku hiyo.

Musoki alikwenda kwenye bomba la maji nyuma ya wodi, akanawa hadi viwikoni, akampigia Elise. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Akapiga gereji, aliyepokea alisema fundi ameondoka asubuhi, gari la mteja bado limeinuliwa juu ya jeki, sanduku la spana liko wazi chini, hajui amekwenda wapi, hakuaga.

Raihana alikuwa amesimama nyuma yake na ndoo tupu.

"Musawo, nisamehe. Yule Elise ni mtu mwema, alitutengenezea lori siku ya Idi bila kunung'unika. Niliposikia anatajwa, na yule mtu anaandika, nilitoka nje nikampigia. Nilimwambia, jina lako liko hospitali, wanakuja. Nimekosea?"

Musoki alimtazama mwanamke huyu mwenye viatu viwili visivyofanana. Alifanya hasa kile ambacho yeye mwenyewe angefanya kama mikono yake isingekuwa na kazi.

"Hukukosea, mama. Rudi kwa mumeo."

Saa moja kasoro, simu iliita kwa namba ya Kongo. Nyuma ya sauti kulikuwa na muziki wa baa na pikipiki nyingi.

"Dada. Mimi iko muzima. Niko Kasindi, kwa rafiki."

"Elise, rudi. Imekwisha. Mtu alikuwa mgonjwa, alitaja kila mtu, alimtaja hata mwandishi mwenyewe. Karatasi imepasuliwa. Nimeiona kwa macho yangu, vipande viko ndani ya ndoo yangu."

Elise alisogea kwanza mbali na muziki.

"Ile ya kwanza," alisema, "walikuambia imepotea."

"Hii niliiona ikipasuliwa."

"Na ile walikuambia imepotea, dada. Na wewe ukaamini, ukarudi nyumbani." Hakusema kwa ubaya. "Ambia mwenye gari ashushe jeki polepole, breki haina mafuta."

Akakata. Musoki alirudi wodini, akachukua ile ndoo kabla mfagiaji hajaimwaga, akaketi kwenye kiti cha ndugu za wagonjwa, akavaa glavu, akaanza kutafuta vipande kimoja kimoja katikati ya pamba na damu, kuviunganisha juu ya trei ya chuma. Alitaka kulipata jina zima, E hadi E, kwa mwandiko wa Mugume. Alitaka hata mara moja katika maisha yake amtumie ndugu yake picha ya orodha, aone mwenyewe imekatika wapi.

Alipata "Eli". Alipata "gereji". Kipande cha katikati hakuwa nacho, na Abdunoor, kitanda cha tatu, alikuwa ameanza kuomba maji.